Infirmier na Kipindi cha Pili

Kwanza filimbi. Huwezi kumweleza Infirmier, yaani muuguzi wetu wa mji wa Baraka, bila kuanza na filimbi yake, maana sauti yake ilifika kabla ya mwenyewe. Ilikuwa ya chuma, imeng'atwa upande mmoja mpaka rangi ikaisha, na aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ilipanga wagonjwa kwenye dispensari ya misheni. Jumamosi mchana ilichezesha mpira kwenye kiwanja cha shule yetu, shule iliyofundisha vijana kuwa walimu, au moniteurs kama tulivyoitwa siku zile. Hakuwa na filimbi ya pili, na sidhani kama aliitaka. Kwake kazi zile mbili zilikuwa moja.

Mama mmoja wa sokoni, mwenye sauti na mwili wa kutosha, aliwahi kupenya mpaka mbele ya foleni akidai kwamba mtoto wake anatapika kuliko watoto wa wenzake. Infirmier alipuliza filimbi, akainua mkono juu kama anavyofanya refa.

"Hors-jeu, mama! Rudia kule nyuma."

"Hors-jeu ndiyo nini?"

"Ni kufika mbele wakati bengine bangali nyuma. Goli yako haihesabiwe."

Mama alirudi nyuma akinung'unika, na foleni nzima ikacheka. Lakini Infirmier hakumhudumia aliyekuwa mbele. Alitoka nje, akaifuata foleni hadi mwisho wake, akamshika yule mtoto, akamwingiza ndani yeye kwanza. Aliyethubutu kuuliza sababu aliambiwa kwamba refa hatoi maelezo.

Uwanjani alichezesha akiwa amevaa koti lake jeupe la dispensari. Nimezunguka kidogo maishani na sijaona refa mwingine wa namna hiyo. Alisema koti ni la kazi na yeye yuko kazini. Sisi wachezaji tuliliogopa koti hilo, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu ambaye halikuwahi kumchoma sindano. Ukijiangusha ili upewe faulo, alikuja polepole, akatoa mfukoni ile dawa ya rangi ya chai inayochoma kidonda, akauliza kwa upole, "Unaumia wapi, mutoto yangu?" Ulikuwa unapona kabla hajafungua kizibo.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuupiga mpira. Ukimjia miguuni aliuruka. Siku moja nilimuuliza, maana nilikuwa kapteni na nilijiona nina haki ya kuuliza mambo.

"Infirmier, kwa nini hauchezake?"

"Mi sijue kucheza," akasema. "Mi najua kupenda tu. Hiyo nayo ni kazi."

Alikuwa na namna yake ya kupima homa, na ni lazima niieleze sasa, kwa sababu huko mbele itanihusu. Kipimajoto cha kioo kilikuwepo, lakini alikiweka kwa ajili ya wazungu na wanawake wajawazito. Sisi wengine alitupima kwa mgongo wa mkono, kwenye paji la uso, mara mbili. Mara ya kwanza, alisema, muntu anaogopa na joto inapanda bure. Unangoja kidogo, unamuuliza habari za nyumbani, halafu unapima tena. Hiyo ya pili ndiyo kweli. Alikuwa na vidole virefu na vikavu, na hata leo nikiumwa kichwa najikuta nageuza mkono wangu vilevile.

Usidhani nakusimulia habari za mtakatifu. Alitufundisha kuchemsha maji ya kunywa, akatukaripia kwa jambo hilo mwaka mzima, na mimi kwa macho yangu nilimwona amechuchumaa ufukweni, akiyateka maji ya ziwa kwa viganja na kuyanywa kwa raha zake. Aliogopa sindano. Siku ya chanjo, ilipofika zamu yake, alifumba macho na kumshika mkono mgonjwa wa karibu. Na hakujua kuomba msamaha. Neno hilo lilimshinda kabisa. Akikukosea, alikuletea vidonge vya kwinini vimefungwa kwenye kipande cha karatasi, akakuwekea mezani, akaondoka. Watu wa Baraka walikuwa wakitaniana kwamba nyumba isiyo na malaria ni ile ambayo Infirmier ameikosea sana.

Basi, homa.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, mwaka ule ambao mafua yalizunguka dunia nzima, ingawa sisi hatukujua habari za dunia nzima. Tulijua tu kwamba meli imekuja kutoka kusini ya ziwa na kwamba wapakiaji wa mizigo wote wamelala. Wiki iliyofuata walilala wauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Wiki ya tatu, bwenini kwetu, vitanda kumi na viwili vilikuwa na watu mchana. Kijana aliyepatwa alitetemeka, akauma meno, akakohoa siku nne au tano, kisha akaamka na njaa. Wazee si wote walioamka. Tulizika wazee watatu upande wetu wa mji, na ndipo vicheko vikapungua.

Na Jumamosi moja ya mwezi huohuo tulikuwa na mechi yetu na shule ya Fizi.

Lazima uelewe mechi hiyo ilikuwa nini. Ilichezwa mara moja kwa mwaka. Fizi wako juu mlimani, na mtu wa mlimani akishuka kwenu ziwani akawafunga, mnaisikia mwaka mzima, sokoni, barabarani, hata kanisani. Walikuwa wametufunga miaka mitatu mfululizo. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho. Baada ya hapo nilikuwa natumwa kufundisha kijijini, na mguu wangu wa kushoto, ambao niliusifu kuliko ulivyostahili, ungebaki wa kutembelea tu. Nilitaka kuwafunga Fizi mara moja kabla ya kuwa mtu mzima. Sikutaka kitu kingine chochote duniani, na nasema hivyo bila aibu.

Nilikuwa na mtazamaji mmoja ambaye hakukosa hata mechi moja: bibi yangu mzaa mama, ambaye kwetu tunamwita koko. Ndiye aliyenilea. Alikuja na kifuniko cha sufuria na mwiko, akasimama penye kona ya kushoto, na kila nilipogusa mpira alikipiga kifuniko hicho mpaka majirani zake wakaziba masikio. Sheria za mpira hakuzijua. Aliyeniangusha alitukanwa kwa Kibembe, na aliyeniangusha kihalali alitukanwa zaidi. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Nilikuwa nikimsikia akikohoa kabla ya kuona kanga yake.

Mkuu wa shule, mzungu mpole wa misheni, hakutaka kubeba uamuzi. Alimwita Infirmier, tukiwa tumesimama pale wachezaji wote, akamwambia kwa Kiswahili chake cha vitabuni: "Wewe ndiwe filimbi, na wewe ndiwe dawa. Amua."

Infirmier aliomba siku mbili. Nilimfuata dispensari siku hiyohiyo, nikiwa nimejiandaa kama wakili. Nikamwambia wagonjwa wa bwenini wanapona. Nikamwambia mpira unachezwa nje, penye upepo wa ziwa, si ndani ya nyumba. Nikamwambia soko halijafungwa, kanisa halijafungwa, kwa nini mpira peke yake ndio uwe na kosa? Alinisikiliza akiwa anaosha chupa.

"Yote unasema ni kweli," akasema. "Nyinyi bijana muko na nguvu. Homa itawalalisha, mutaamuka, mutaomba bugali. Koko yako je? Anasimamaka wapi siku ya mupira?"

"Kwa kona."

"Katikati ya bantu ngapi?"

Kona ile ilijaa kila mwaka mpaka watu wakapanda kwenye mabega ya wenzao.

"Unaweza kumwambia abaki nyumbani?"

"Infirmier, unamujua koko."

"Namujua. Basi hatucheze."

Nilitoka pale nikimchukia. Usiku huo sikula, na kesho yake nikakuta kwenye kitanda changu kikaratasi kimekunjwa, chenye vidonge sita vya kwinini. Nilivitupa dirishani.

Sasa linakuja kosa, na sijui kama lingeweza kufanywa na watu wengine zaidi yetu. Infirmier alifuta mechi ili watu wasikusanyike. Lakini alisahau anaishi na watu gani. Kwetu mtu akipatwa na jambo zito, huwezi kukaa kwako. Unakwenda kumpa pole, unamshika mkono, unakaa naye, unakula naye. Na habari kwamba kapteni wa Baraka amenyimwa mechi yake ya mwisho ilizunguka mji kama habari ya msiba.

Jumamosi asubuhi watu walianza kuingia kwenye uwanja wa nyumba ya koko. Walikuja wauza ndagala, wengine bado wakikohoa. Akaja mchungaji, pasteur wetu. Ikaja kwaya. Golikipa wetu alikuwa kijana mrefu wa Bibokoboko, na baba yake mdogo aliteremka kutoka huko milimani na kibuyu kikubwa cha maziwa, kikapita mdomo kwa mdomo, maana kukataa maziwa ya wafugaji wa kule ni kuwatukana. Beseni la kunawia lilipita vilevile, mikono arobaini ndani ya maji yaleyale. Katikati alikaa koko, amejifunga kitambaa kichwani, akipokea pole kwa mikono miwili na kushikwa mashavu na kila mtu.

Mchana kidogo lori likasimama barabarani. Wakateremka vijana wa Fizi, timu nzima, wamebeba kuku wawili na mchele.

"Tumekuya kutoa pole," alisema kapteni wao, kijana mfupi mwenye mapaja ya kutisha. "Tumesikia habari. Ni huzuni sana."

Alisema kwa uso wa maombolezo kabisa. Lakini vifungo vya shati lake vilikuwa vimeachana, na ndani niliona jezi.

Ndipo Infirmier akatokea. Alisimama penye mwanya wa uzio na koti lake jeupe, akaangalia. Aliangalia kibuyu. Aliangalia beseni. Alimwangalia koko ambaye wakati huo alikuwa amekumbatiwa na mwanamke anayepiga chafya. Nilikuwa karibu naye nikasikia alichosema, ingawa alijisemea mwenyewe.

"Nimefunga muchezo, nimefungua matanga."

Nilicheka. Nilifurahi kumwona ameshindwa, na sijivunii furaha hiyo. Yeye hakucheka. Alisimama pale muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai, akihesabu kitu kichwani. Kisha akaiweka filimbi mdomoni na kuipuliza kwa nguvu kiasi kwamba kuku wa Fizi waliruka.

"Bantu bote, kiwanjani!" akasema. "Kama munakataa kukaa kwenu, basi mutakaa kwa upepo. Hapana kushikana mukono. Hapana kunywa kwa kibuyu moja. Kila mutu asimame mbali na mwenzake, urefu wa kafi ya mutumbwi. Anayekohoa, anarudi nyumbani, hata kama ni pasteur."

"Na mupira?" kapteni wa Fizi akauliza, akisahau msiba wake.

"Muko na jezi ndani ya shati. Mulizani sione?"

Kelele zilizotokea sitazisahau. Koko alikuwa wa kwanza kusimama na mwiko wake.

"We, koko, unabaki," Infirmier akamwambia.

"Mi? Nibaki? Mupira ichezwe bila mie? Hata kama nitakufa, nitakufia pale kwa kona!"

Walibishana, wote wawili na mikono kiunoni. Mwishoni walielewana hivi: koko atakaa kwenye kiti chake juu ya kile kilima kidogo nyuma ya darasa, hatua thelathini kutoka kwa mtu yeyote, na kifuniko chake. Infirmier alizihesabu hatua mwenyewe, akachora mstari kwa chokaa ya uwanjani kuzunguka kiti, akamwambia asiuvuke.

Baadaye walimu walibishana miezi mingi kama alikosea mara mbili au alisahihisha kosa lake. Mimi nina maoni yangu, lakini siwezi kuyatoa nikiwa mtu safi, kwa sababu ya jambo nililolifanya dakika chache baadaye.

Nilikuwa na homa. Ilikuwa imenianza siku mbili kabla, mgongoni kwanza, kisha machoni. Sikumwambia mtu. Wakati Infirmier anawapanga wachezaji wa timu zote mbili ili awapime mmoja mmoja, nilijitenga kama mtu anayekwenda haja, nikakimbia ufukweni, nikatumbukiza kichwa chote ziwani. Nilikizamisha mpaka masikio yakauma. Nikarudi maji yakinichuruzika shingoni, nikasimama mwisho wa mstari.

Aliondoa wanne wetu na wanne wao. Waliondolewa wakilia, wanaume wazima. Akafika kwangu. Akaweka mgongo wa mkono wake kwenye paji langu, akaacha, akaniuliza habari za nyumbani, akaweka tena. Maji ya ziwa yalikuwa bado yananitiririka usoni.

"Umeoga?" akauliza.

"Ndiyo, Infirmier. Joto iko mingi."

Aliniangalia. Kisha akaangalia kiwanja, watu waliosimama mmojammoja kwa mbali pembeni, na mpira wa ngozi katikati, umejazwa upepo vizuri.

"Ingia," akasema.

Tulicheza saba kwa saba. Sikumbuki mengi. Nakumbuka kiwanja kilikuwa kikubwa kupita kiasi na kwamba ukimya ulikuwa wa ajabu, maana watu waliotenganishwa hawajui kushangilia. Kulikuwa na sauti moja tu, ya kifuniko cha sufuria kutoka kilimani. Fizi walifunga goli dakika za mwanzo. Mimi nilipiga mpira mmoja ukagonga mlingoti, na ni kweli, waliokuwepo waulizwe. Filimbi ya mapumziko ilipolia nilipiga magoti, nikatapika kwenye mstari.

Niliona miguu ya koko kabla ya kumwona yeye. Alikuwa amevuka chokaa. Alinipangusa uso na mdomo kwa kanga yake, kisha kwa kanga ileile akajipangusa jasho lake, akiniita kwa jina nililoitwa nikiwa mtoto mchanga. Infirmier alifika nyuma yake. Aligusa paji langu mara moja tu. Hakuhitaji ya pili.

Akasimama, akawageukia watu. Nilijua sasa ataniumbua, na nilistahili.

"Kipindi ya kwanza imeisha," akasema kwa sauti. "Fizi moja, Baraka bule, hapana goli. Kipindi ya pili itachezwa siku bantu bote biko bazima."

Ni hayo tu. Watu wakafikiri ni utaratibu wake mwingine. Fizi walipanda lori, na kuku wao wakabaki kwetu.

Siku ya tatu koko akalala.

Sitaki kuieleza sana ile wiki. Kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango wa zamani, na midomo yake ilibadilika rangi. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu tayari, kijana, nimepona kama alivyosema Infirmier kwamba nitapona, na ningetoa nguvu hizo zote kama zingeweza kutolewa. Infirmier alikuja asubuhi na jioni. Alinifundisha kumwinua koko na kumwegemeza kwenye gunia la mpunga ili apumue, kumnywesha uji mwembamba kijiko kwa kijiko, kumgonga mgongo taratibu kwa kiganja kilichokunjwa. Hakuzungumza maneno yasiyo ya kazi. Siku ya sita nilishindwa kujizuia. Tulikuwa nje, ananawa mikono.

"Ni mimi, Infirmier? Ni mimi nilimupa?"

Alikung'uta maji vidoleni.

"Homa haiombake ruhusa ya njia," akasema. "Inaweza kuwa we. Inaweza kuwa bale bamama ba asubui. Inaweza kuwa mi."

"We? Namna gani?"

Alijipangusa mikono kwenye koti, kisha akajipangusa tena. Nilikuwa sijawahi kumwona akitafuta maneno.

"Kichwa yako ilikuwa na maji ya ziwa. Ulizani sijue? Miaka yote hii napima bantu, nisijue maji na baridi? Nilijua." Akaivua filimbi shingoni, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Nilikuwa natamani kuona mupira. Ni hivyo tu. Nilikuwa natamani sana."

Nililia pale, mtu mwenye miaka kumi na tisa. Nililia kwa sababu ya koko, na kwa sababu hatimaye nilikuwa na mwenzangu ndani ya lile kosa. Yeye hakunibembeleza. Aliingia ndani, akaweka kikaratasi cha vidonge kwenye kigoda kando ya kitanda cha koko, akaenda zake.

Koko alifumbua macho, akakiangalia kikaratasi, akafungua kwa vidole vyake dhaifu.

"Kwinini?" akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwa siku mbili. "Huyu muganga eko na wazimu. Mi naumwa kifua, ananiletea dawa ya malaria."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatoa kile kilichokuwa kimeziba. Sisemi kwamba alipona kwa kucheka. Nasema tu kwamba kuanzia hapo alipona, na baada ya wiki mbili alikuwa sokoni akimsimulia kila mtu habari za kwinini.

Nilimaliza shule, nikatumwa kufundisha Kilembwe. Nilikaa huko na chaki yangu, nikafundisha watoto kusoma na kuhesabu na kuchemsha maji. Mara mojamoja dereva wa lori aliniletea kikaratasi cha kwinini bila barua. Nilielewa kwamba bado hajamaliza kuomba msamaha, wala mimi sikuwa nimemaliza. Sasa vidonge nilivimeza, maana Kilembwe ina mbu.

Kiangazi cha pili dereva alileta barua kweli. Mistari miwili: "Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kipindi cha pili." Alikuwa amewaandikia wote. Alikuwa ameweka majina kumi na manne kwenye daftari lake la dispensari, waliocheza siku ile, na kwa miaka miwili alikuwa akiwaulizia kwa madereva wako wapi na kama ni wazima. Mmoja alikuwa Lulimba anachimba dhahabu. Golikipa wetu alikuwa amerudi Bibokoboko kwenye ng'ombe. Kapteni wa Fizi alikuwa karani na ameshaota kitambi.

Tulikuja kumi na watatu. Wa Lulimba hakupata gari, na mahali pake Infirmier alikataa kabisa kuingiza mtu mwingine.

Nitasema matokeo mapema ili msomaji asikae na wasiwasi: tulifungwa. Tulikuwa sita dhidi ya saba, na juu ya goli lile la zamani likaongezwa lingine. Fizi wanaisimulia hadi leo na mimi nawaacha wasimulie. Kona ya kushoto ilijaa mpaka watu wakapandana mabegani, wakishikana mikono wanavyotaka, na katikati yao koko, amezeeka, amekondeana, kifuniko mkononi, hana chokaa wala kiti.

Lakini kabla ya mchezo Infirmier alitupanga mstari. Koti lilikuwa lilelile, limepauka, na nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni. Alipima mmoja baada ya mwingine, mara mbili mbili, wakimchekea, baba za watu. Nilisimama mwisho, mahali pangu pa zamani. Aliweka mgongo wa mkono kwenye paji langu. Akaniuliza habari za Kilembwe. Akaweka tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwafanyia wengine: akapitisha vidole ndani ya nywele zangu, mpaka kwenye ngozi, akavitazama.

"Ni kavu," akasema.

"Ni kavu, Infirmier."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani ataenda katikati. Badala yake alivua kofia yake, akainama mbele yangu kidogo, yeye aliyekuwa mrefu kuliko mimi.

"Sasa mi," akasema. "Pima."

Miaka yote ile sikuwahi kuona mtu akimpima. Niligeuza mkono, nikauweka kwenye paji lake. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nyumbani ni kuzuri. Nikauweka tena.

"Iko baridi," nikamwambia. "Piga filimbi."